Uzi Usio na Nta

Mdogo wangu amenifuta. Katika filamu ya maisha yake ya soka hana dada; ni yatima aliyeokotwa na kocha.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda tuliachiwa na baba, pamoja na msharasi wake wa kutobolea soli. Shule sikuijua hata mlango, kwa sababu mmoja wetu ilibidi asome na mwingine ashone.

Filamu ilipotoka, magazeti yaliimwagia sifa. Mwalimu mmoja, mteja wangu, alinisomea huku akingoja kisigino chake: “‘Kocha anaposhona kiatu cha kijana kilichoachama, ukumbi mzima unalia. Huo ndio moyo wa filamu.’”

“Kashona nani?” nikamuuliza. “Yule hata soli zake zikibanduka alikuwa akija kwangu!”

“Kuambiwa si kuona, Fundi. Nenda.”

Nikaenda. Kocha wa kwenye filamu akainama, akavuta uzi mkavu, akashona kama anayerudishia kifungo cha shati. Uzi wa kiatu usipoupitisha kwenye nta, hukatika. Uzalendo ukanishinda.

“Huo haufiki mapumziko!”

Kijana wa mbele akageuka. “Mama, tunaangalia filamu.”

“Na mimi naangalia kazi yangu.”

Kiatu kile nilikishona asubuhi ya majaribio, kwa haraka, mpaka msharasi ukanipita kidoleni. Kovu ninalo. Kocha alikuwa mtu mwema, alimpa mdogo wangu nafasi uwanjani, hilo silikatai.

Nikampigia mdogo wangu.

“Dada, usikasirike. Watengenezaji walisema ya kocha inagusa zaidi.”

“Na wewe ulisema nini?”

“Watu wameipenda, dada.”

“Sikukuuliza watu.”

Mchambuzi mmoja tu aliandika kwamba ule ushonaji hauaminiki, kwamba fundi hashiki kiatu namna ile. Mwalimu alinikatia kipande hicho, nikakibandika juu ya kopo la gundi. Kukisoma siwezi, ila kila mteja anayeingia namwambia anisomee.

Nyumba simdai, wala gari. Nadai sentensi moja, aitamke mbele ya hao hao waliolia: kiatu kilishonwa na dada yangu. Kocha hanidai wala simdai, alishatangulia mbele ya haki. Watengenezaji hawakuwepo. Mdogo wangu alikuwepo, amesimama hapa kibandani mguu mmoja peku, akinihimiza, “Dada, fanya haraka.”