Hela ya sanda

Bibi yangu wa Mashewa alikuwa amejiwekea hela ya kununulia sanda yake, noti za zamani alizozishonea ndani ya mto. Redio ilipotangaza kwamba noti hizo hazitatumika tena, akakataa mto usifumuliwe. Hela ya sanda ukiigusa, alisema, unakiita kifo. Nilimkaripia, nikachukua wembe nikaufumua mwenyewe.

Benki, pale Korogwe, dada wa dirishani alizinusa zile noti, akanitazama, kisha akaingia nazo ndani. Askari wa mlangoni akanigeukia. Jasho likanitoka. Wakisema ni bandia je? Wakisema nimeiba? Nikamlaani bibi kimoyomoyo, na redio yake pia.

Dada akarudi na noti mpya.

Jioni bibi alizipokea kwa upindo wa kanga, asiziguse kwa mkono.

“Mjukuu wangu, na hizi wamesema zitatumika mpaka lini?”

Moyo ulinidunda kuliko kule benki. Mwaka wowote ambao ningeutaja, ningekuwa nimempangia siku ya kufa. Nikachukua sindano, nikaanza kuushona mto.