Ncha ya Kitambaa

Jirani yetu fundi cherehani huongea na pini mdomoni, na sijawahi kuona hata moja ikimdondoka. Wateja wakibishana kuhusu wagombea wawili waliokabana koo, yeye huguna tu, "Mmh," akaendelea kushona. Mumewe, shabiki wa kutupwa wa mmoja wao, alijua kura ya mkewe anayo mfukoni. Walipotoka kupiga kura akamuuliza, "Wetu, si ndiyo, mama watoto?"

"Wako alinihutubia pale mlangoni kwetu mpaka chai ikapoa. Mwenzake alinishikia ncha ya kitambaa, nikakata."

Mtu wa mume ameanguka kwa kura za kuhesabu vidoleni. Leo asubuhi, mkasi haujalia, mume ameshashika ncha. Kampeni zimeanza mapema.