Nilikula Vilivyoandikwa Namba Tu

Alhamdulillahi, bado napumua. Nawaandikia wasichana wenzangu wa Garissa mnaohesabu kalori kwa simu.

Nilimaliza chuo nikarudi nyumbani bila kazi. Nilikuwa mnene, mwenye afya. Nyumbani tunakula sinia moja: wali, nyama ya mbuzi, ndizi, kila mtu upande wake. Siku moja muuguzi alinipima presha akasema, “Punguza uzito kidogo.” Neno hilo “kidogo” lilininyima usingizi. Kidogo ni kiasi gani?

Nikaanza kuhesabu. Simu ilitaka kujua nimekula wali kiasi gani, na kwenye sinia la watu sita nani ajuaye? Mama akinisukumia nyama, niliona ananivurugia hesabu. Nikajitenga. Nikawa nakula biskuti tu, kwa sababu pakiti imeandikwa kalori zake. Jioni nilitembea hadi darajani na kurudi, nizichome hizo pia.

Nywele zikabaki kwenye kitana. Hedhi ikakatika. Nilisikia baridi, na joto hili la Garissa! Harusini wanawake wakanizunguka: “Abaayo, dada yetu, umependeza! Tupe siri basi!” Hakuna aliyeuliza kama naumwa.

Mama peke yake aliuliza. “Hooyo, mwanangu, mkono wangu umekuwa najisi?”

Niliinamia simu. Nilikuwa najumlisha.

Nilianguka bafuni. Hospitalini, daktari, mtu wa Meru, alishika mkono wangu akahesabu mapigo, akakunja uso. “Dada, kalori unazozikimbia ndizo zinazopigisha moyo hata ukilala. Ukikosa za chakula, mwili unakula misuli yake. Na moyo ni msuli.”

Kupona hakukuwa kuzuri. Walinianzishia uji kidogo kidogo. Miguu ilivimba, tumbo liliniuma, nililia nikimeza. Wale wa harusini walikuja kuniona wakamnong’oneza mama kwamba ni jini. Wengine wakasema ni kusoma sana. Mama aliwamiminia chai, kisha akanigeukia akanilisha kwa mkono wake.

Sasa nakula sinia na wenzangu. Hedhi imerudi, nywele bado. Namshukuru Mungu, na mama, na daktari yule. Waliosifu mifupa yangu sijawasamehe.

Ukiambiwa upunguze, usiondoke pale. Uliza unapunguza nini, kwa kiasi gani, na nani atakuangalia usipitilize. Mimi nilionyeshwa pa kuanzia tu. Pa kuacha nilionyeshwa na sakafu ya bafu.