Kaka Yangu Alipokagua Gari Letu

Gari letu lilikuwa kuukuu, rangi ya chai ya maziwa. Mlango mmoja wa nyuma ulifunguka kwa ndani tu, na ukikaa mbele ulisikia joto la injini miguuni. Mume wangu alilinunua enzi ambazo kampuni bado ililipa mshahara na kugawa unga, na alilipenda kuliko chuma kinavyostahili kupendwa. Kila mwaka alilipeleka kontrole, pale serikalini wanapokagua kama gari linafaa kuwa barabarani, na kila mwaka alirudi na karatasi yake, akaiweka pamoja na za miaka ya nyuma. Nilimcheka sana. Nilimwambia hata vyeti vya ubatizo vya watoto hakuvitunza hivyo.

Mwaka wa tisini na mbili watu wa Kasai, mkoa jirani, walianza kufukuzwa Likasi, mji wetu wa Katanga, na mume wangu alikuwa Mkasai. Alizaliwa Shituru, humuhumu mjini, katika nyumba za kampuni, baba yake akifanya kazi kiwandani palepale, na Kasai yenyewe alikuwa hajaikanyaga hata siku moja. Mimi ni mwenyeji, Mkatanga kwa baba na mama. Lakini watoto ni wa baba yao, na nani angenisikiliza mimi? Majirani waliozoea kuja kuomba chumvi kwetu wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Kiwandani walimwambia asirudi.

Waliofukuzwa walikuwa wakikusanyika stesheni, wakilala chini kwenye mvua kungoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Watu walikuwa wanakufa pale, watoto na wazee kwanza. Na sisi tulikuwa na mama mkwe wangu, ambaye watoto walimwita kaku, bibi. Miguu yake ilikuwa imevimba, kifua kinapiga mluzi. Stesheni ingemuua, tulilijua sote, na yeye alilijua kabla yetu. Padri mmoja alituahidi nafasi moja ya kaku kwenye gari la misheni hadi Lubumbashi, na kutoka huko kulikuwa na ndege ya Mbuji-Mayi, huko Kasai, kwa mdogo wake. Ilibaki tiketi. Tiketi hiyo ilikuwa gari letu, maana vitanda na sufuria hakuna aliyevinunua tena, watu walingoja tu tuviache. Na tusingeweza kuliendesha wenyewe. Kwenye vizuizi vya barabarani Mkasai alishushwa, gari likabaki na walioweka kizuizi.

Kaka yangu mkubwa, wa tumbo moja nami, akasema atalinunua yeye. Aliishi Kikula, upande mwingine wa mji, alikuwa na biashara ya mahindi, na wakati ule mwenye mahindi ndiye mwenye mji. Kwa kuwa baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, yeye ndiye aliyepokea mahari yangu. Nilipomsikia nililia kwa furaha, nikawaambia watoto: mnaona, damu ni nzito kuliko maji.

Alikuja Jumamosi. Alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akafungua mlango ule wa nyuma kwa ndani bila kuambiwa, kwa sababu alikuwa ameufungua mara nyingi. Mke wake aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, tulimpeleka hospitali kwa gari hilohilo. Halafu akakaa mezani kwetu, akafuta jasho.

"Shemeki, bapapier ya kontrole iko wapi?"

"Yaya," nikamwambia, maana kwetu ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "ile motokari unaiyua. Bibi yako alikaribia kuzalia mule ndani."

"Bya famille ni bya famille, mudogo yangu. Bya kuuza ni bya kuuza. Mutu asipoangalia papier, anauziwa kifo."

"Na wakati minye naolewa, uliwapa kontrole yangu?"

Mume wangu alicheka. Kaka yangu hakucheka. Mume wangu akaenda chumbani, akaleta karatasi zote, akazipanga mezani mwaka baada ya mwaka, kwa fahari, masikini, kama mtu anayeonyesha picha za arusi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa namna yake, hakuishia hapo.

"Hizi mbili za mwisho, shemeki, haiko za kweli. Pale hakuna tena lampe, hakuna machine ya kupima bafreni. Wanagonga tampon, ile muhuri, ku meza tu, motokari inabakia inje. Na freni ya nyuma, ku kushoto, inavuya mafuta kidogo. Nasema juu uyue."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini neno likishatoka halirudi. Kaka yangu alitikisa kichwa polepole kama padri anayesikiliza maungamo. Akasema ikiwa ni hivyo, itabidi aende mwenyewe kule ofisini kuuliza historia yote ya gari, tangu lilipoingia mjini. Nikamwambia hatuna siku za kungoja, mama anaumwa. Akanijibu kwamba haraka haraka haina baraka.

Basi tukaanza kungoja. Mara yule mtu wa kontrole alikuwa msibani. Mara alirudi, lakini kabati lilifungwa na mwenye ufunguo ni mwingine. Kisha kaka yangu akataka kwanza kumpata mwenye gari wa kabla yetu, ambaye alihamia Kolwezi, amuulize kama liliwahi kuanguka. Kisha akataka fundi wake alitazame chini. Fundi hakuja. Kila asubuhi mama mkwe alivaa kitenge chake cha kanisani, akajifunga kilemba, akakaa barazani na mkoba mapajani, na kila jioni nilimsaidia kuvua. Padri akasafirisha wengine. Alituambia atafanya safari moja zaidi.

Katikati ya kungoja huko alikuja mfanyabiashara wa chumvi kutoka soko la Kikula. Hakuuliza karatasi hata moja. Aliwasha injini, akainamisha sikio, akataja bei. Ilikuwa ndogo, ya kutunyonya, lakini ilitosha tiketi. Mume wangu akamshukuru, akamwambia gari limekwisha kupata mtu.

Nilimfuata jikoni nikapiga magoti. Mimi, ambaye kupiga magoti sikuwa nakujua nje ya kanisa. Nikamwambia yule yaya hanunui, anapoteza siku tu.

"Nilimupa neno," akasema. "Shemeki habamuvunjie neno. Nikiuzisha kwa mwingine, weye njo utabakia na haya mu famille yenu. Kesho wakitufukuza, banatoto yangu nani atabapokea?"

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alikuwa ananitunzia mimi nafasi kwa ndugu zangu. Mwenye chumvi alikwenda zake, na sikumwona tena.

Watu huniuliza kama kaka yangu alipanga tangu mwanzo. Sijui. Nadhani aliona tu kwamba kila siku ikipita bei inashuka, akaiacha ishuke mpaka ikafika bure. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu ilikuwa imenikaa vizuri sana hata sikuitazama ndani.

Vijana waliokuwa wanafukuza watu walifika mtaa wetu mchana, na vitambaa vichwani, wakiimba. Walitupa muda wa kubeba kilichobebeka. Kaka yangu alikuwa amesimama njiani kati ya watazamaji. Sikumuuliza amefikaje upesi hivyo. Mume wangu alimbeba mama yake mgongoni, na alipopita karibu naye akamtia ufunguo wa gari mkononi.

"Uangalie nayo, shemeki. Tutasikilizana bei."

"Usiogope," kaka yangu akasema.

Stesheni sitaieleza yote. Tulitandika mikeka kati ya familia mbili, watoto wakajifunza kulala wamekaa. Padri alifanya ile safari yake ya mwisho, na nafasi ya kaku alipewa mwingine mwenye tiketi. Mume wangu alituma salamu Kikula juu ya bei, akatuma tena. Hakupata jibu. Alisema labda fundi bado hajalitazama. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, na sikuwa na nguvu ya lolote.

Mama mkwe alikufa asubuhi, ameegemea goti langu. Alikuwa ameomba maji. Niliporudisha kikombe chini alikuwa amekwisha kwenda.

Siku hiyohiyo kaka yangu akaja. Alikuja na gari. Lilikuwa limeoshwa, viti vimevikwa vitambaa vyeupe, na mkononi alikuwa na sufuria ya bukari, yaani ugali, na mboga, imefungwa kwa kitambaa, aliyoipika mke wake. Mume wangu akanyanyuka, akavua kofia.

"Shemeki, Mungu njo amekuleta. Tusaidie na motokari, tupeleke mama ku makaburi."

Kaka yangu alitazama blanketi lililomfunika mama mkwe. Akalitazama gari.

"Shemeki, kontrole yake ilishakufa. Bapolisi watanikamata ku njia na maiti. Weye mwenyewe uliniambia zile za mwisho haiko za kweli."

Nilimtazama mume wangu, nikingoja atukane, arushe jiwe, afanye kitu ambacho mtu hufanya. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli," akasema. "Nilimuambia."

Kaka yangu akaweka sufuria kwenye mkeka wetu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mimi si Mkasai, nipande, nyumbani nafasi ipo. Watoto hakuwataja. Nikawavuta watoto kwangu, na baada ya muda nilisikia gari likiondoka.

Tuliazima mkokoteni wa kubebea magunia. Mume wangu alivuta mbele, mimi nilisukuma nyuma na mkono mmoja juu ya miguu ya mama mkwe, kwa sababu njia ilikuwa mbaya na blanketi lilikuwa fupi. Tulimzika bila padri. Tuliporudi watoto walikuwa wamekaa kuizunguka sufuria, hawajaigusa, wananingoja mimi niseme. Nikafungua kitambaa, nikawagawia. Bukari ilikuwa imepoa. Walikula kwa sababu walikuwa na njaa, na mimi pia nilikula.