Aliyewaandikia Watu Kazi Zao

Kila aliyeketi mbele ya mtu wa kompyuta pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, atengenezewe wasifu wa kuombea kazi mtandaoni, alianza vilevile. Douce, mshonaji kutoka Bukavu, naye akasema, "Mi niko mukimbizi tu."

Mtu yule hakuandika. Alipangusa kioo kwa pindo la shati, kama desturi yake, akauliza taratibu, "Ile haiko kazi, mama. Mikono yako inafanyaka nini?"

Douce akasimulia magauni ya harusi na wasichana aliowafundisha kushona. Vidole viwili vikadonoa herufi. Kisha mtu yule akasimama, akausoma wasifu wote kwa sauti, kama asomaye Injili kanisani. Waliopanga foleni wakasogea karibu wasikie.

"Niitume sasa, bakubwa ba kazi ba Lilongwe baione?" akauliza.

"Bado," akanong'ona Douce. "Soma tena."