Vyungu vya Jomoni na Udongo wa Mwangulu

Mimi ni fundi cherehani hapa Msambweni, na kwa miaka sita sasa nasoma historia ya kale ya Japani. Hakuna aliyenituma. Nilianza na kitabu alichokisahau mteja mmoja wa Diani kwenye mfuko wa suruali ya kupunguzwa. Majirani huniita Mjapani, nami huitika. Binti yangu Zuhura huko shuleni huitwa binti Mjapani, na yeye haitiki. Mwalimu wao wa historia aliponialika kuzungumza darasani kwao siku ya Ijumaa, mtoto alinijia machozi yakimlengalenga.

"Baba, nakuomba, usinitie aibu mbele ya wenzangu."

Nikamwahidi, kisha nikaanza kuogopa. Nilitaka kuwaonyesha vyungu vya enzi ya Jomoni, vya maelfu ya miaka iliyopita, vilivyotiwa nakshi kwa kamba udongo ukiwa mbichi. Nilijaribu jikoni. Nililaza uzi wa nailoni juu ya udongo, nikaubonyeza umenyooka kama ninayepiga pindo. Mke wangu Mwanasha akachungulia.

"Hicho ni chungu au suruali?"

Jumanne asubuhi niliondoka kwenda Mwangulu, kwa mfinyanzi anayemuuzia Mwanasha vyungu. Hadi Lunga Lunga nilikwenda raha mustarehe. Kutoka pale nilipanda pikipiki, na vumbi likanivika nguo ya pili. Mwenye pikipiki aliniuliza kama nakwenda kuposa au kuzika, maana nilikuwa nimevaa koti. Nikamwambia nakwenda kwa ajili ya Wajapani. Akaongeza mwendo.

Saa nne hivi nilipiga hodi uani kwa Bi Nyamvula, mama mtu mzima, udongo umempanda hadi viwikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kujifunza. Mimi ni fundi wa nguo, lakini napenda vyungu vya kale."

"Basi vua koti, fundi. Kwangu hakuna wa kukaa akitazama tu. Shika mchi."

Ndani ya kinu mlikuwa na vigae vya chungu kilichovunjika. Wafinyanzi wa kule huvitwanga, wakachanganya unga wake na udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni. Niliokota kigae kimoja chenye alama za vidole, nikashindwa kukirudisha kinuni.

"Mama, hiki ni cha zamani?"

"Chungu cha bibi yangu hicho. Nimekula ugali wake mimi, tena mwingi."

"Japani kingewekwa ndani ya kabati la kioo!"

"Kikapike nini humo? Twanga, fundi. Bibi hakupenda kukaa bure."

Nikatwanga, na kila pigo liliniuma kwelikweli.

Baada ya sala ya adhuhuri nilimwonyesha picha iliyo kitabuni, pamoja na uzi wangu. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Uzi hakuutazama hata kidogo.

"Kamba hii haikubonyezwa," akasema. "Imeviringishwa."

Akachukua kipande cha kamba ya makumbi ya nazi iliyosokotwa, akakiviringisha kwa kiganja juu ya udongo mbichi. Alama zilezile za kitabuni zikatokea. Mimi nimesoma miaka sita, naye alitumia muda wa kumeza tonge. Nilifurahi mno, na aibu nilikuwa nayo vilevile.

"Nani aliyekifinyanga hiki cha kitabuni?" akauliza.

"Watu wa kale, mama."

"Watu wote kwa chungu kimoja? Yeye anaitwa nani?"

Nawajua kwa majina watawala kumi na wawili wa Japani, na mfinyanzi simjui hata mmoja.

Alasiri nilirudi na kiroba cha udongo tuliouchanganya na unga wa vigae mapajani na kamba mfukoni. Njia nzima nilijisuta. Vyungu vya Bi Nyamvula vimo jikoni mwangu miaka yote, na sikuwahi kuuliza nani amevifinyanga wala nani alimfundisha. Historia niliyoitafuta ng'ambo nilikuwa naipikia mchuzi.

Ijumaa nilisimama darasani na kurasa kumi na moja. Nilisoma mstari wa kwanza, nikamwona Zuhura amelaza kichwa juu ya dawati. Nikazikunja karatasi zangu. Nikawasimulia wanafunzi habari ya uzi wa nailoni na pindo, wakacheka hadi wengine wakashika mbavu. Zuhura hakuinua kichwa. Kisha nikauweka udongo mezani na kuwaambia kwamba ndani yake mna chungu cha bibi yake Bi Nyamvula, na kwamba nimekitwanga kwa mikono yangu. Wakaanza kusogea mmoja mmoja, na kamba ikapita mkono kwa mkono.

Mvulana mmoja aliilaza juu ya udongo akaanza kuikandamiza kwa kidole gumba. Zuhura alikuwa amekwisha kufika mezani, mikono ya sare ameikunja.

"Viringisha!" akamkemea, na darasa zima likasikia. "Baba yangu amekwambia nini?"

Nikatoka nje, nikajifanya natafuta maji ya kunawa.