Mkono Wangu Katika Baraza la Madiwani

Nacheka mwenyewe kabla hamjanicheka nyie. Mwezi uliopita nilipiga kura katika Baraza la Madiwani hapa Mpanda, na mimi si diwani.

Walitaka kutunga sheria ndogo: mbuzi akikutwa anazurura mjini, halmashauri inamchukua. Mimi ni mjane wa mtaa wa Majengo, na mbuzi ndio wanaonilishia wajukuu. Nikavaa kitenge kizuri, nikaenda. Viti vya wageni vilijaa, nikaona kimoja kitupu mbele, nikakaa. Bwana wa pembeni akasema, "Shikamoo, mheshimiwa." Nikaitika marahaba. Heshima haikataliwi.

Mwenyekiti akasema, "Wanaokataa wanyooshe mikono." Kule Sitalike nilikoishi zamani, kwenye mkutano wa kijiji kila mtu mzima ananyoosha. Nikaunyoosha wangu mpaka kwapa likaonekana. Karani akahesabu, akatangaza sheria imeanguka kwa kura moja. Nikapiga vigelegele.

Diwani wetu akageuka. Kijana huyu nilimpigia debe nyumba kwa nyumba, na siku hiyo alikuwa upande wa wanaokubali.

"Bibi, unafanya nini hapo?"

"Napiga kura."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, wewe ni diwani wa kata gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa, uso ukaniwaka moto. Lakini sikuinuka. "Mimi si diwani, mwanangu. Mimi ndiye niliyemchagua huyu. Nilimtuma aninyooshee mkono hapa, naye kaunyoosha kuwakamata mbuzi wangu. Basi nimekuja kuunyoosha mwenyewe. Hesabuni tena, bado uko juu."